Kiputo Kilichobaki Benki

Niliota usiku wa jana nimesimama kwenye foleni ya benki, na nyuma yangu imesimama nyumba.

Nyumba yenyewe naijua. Ni ile ya vyumba viwili na sebule kule Muheza, niliyoijenga wakati bado nina meno ya mbele. Mwenyewe alishafariki, watoto wake wanaiuza, na mimi nimechoka kuzunguka na mfuko wa zana kama kinyozi wa mnadani. Nataka niinunue nikae. Mama Shali, mwenye chumba ninachopanga, ameniambia nimpishe, mwanawe anaoa. Basi nimekuja kuomba mkopo wa nyumba, na nyumba imenifuata.

"Sogea, fundi," inaniambia. "Jua linanichoma bati."

Dirishani yuko binti, kifuani ameandikwa Tusekile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba barua ya mwajiri."

"Sina mwajiri. Mimi fundi mwashi, nimejiajiri."

"Kumbe unaye. Mwajiri wako ni wewe. Nenda kamlete."

Nikatoka, nikazunguka jengo, nikaingia tena. Sasa nimevaa suti na nina kitambi. Kwenye benchi amekaa fundi mmoja mzee, suruali imeganda saruji. Ni mimi.

"Unamfahamu huyu?" Tusekile ananiuliza.

"Kwa sura," najibu. Nashangaa mdomo wangu unavyosema.

"Ni mfanyakazi wako wa kudumu?"

"Hapana. Namwita kazi ikitokea."

"Bosi," yule fundi anasema, "si tunakula sahani moja miaka yote hii?"

"Kasubiri nje," namwambia.

Hapo hasira ikanipanda, lakini sikujua nimpige nani. Nikaivua ile suti, nikarudi kuwa mtu mmoja. Suti haikuanguka. Ilikaa kwenye kiti, ikapandisha mguu juu ya mguu.

Tusekile akasema sasa tuone kama mapato yangu yamelala sawa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wangu, akatoa pimamaji, ile yenye kioo cha maji na kiputo cha hewa ndani. Nikageuka kuangalia foleni, nikakuta hatuko benki tena. Tuko juu ya ukuta wa shule niliyoijenga Singida, haijaezekwa, upepo unavuma, na kaunta imepangwa juu ya matofali.

Miezi ya mwaka wangu inapanda ngazi mmoja mmoja na kulala juu ya ukuta, kichwa cha huyu kwenye nyayo za yule. Januari amekonda. Julai na Agosti wamenona, wanasukumana. Aprili anafika amelowa chapachapa, mikono mitupu.

Pimamaji ikalazwa migongoni mwao. Kiputo kikakimbilia kwa Agosti.

"Aprili, kwa nini hukuleta kitu?" Tusekile akauliza.

"Mimi ni masika, dada. Kwangu tofali halikauki. Kawaulize wenye mahindi kama sikuleta kitu."

Akaandika: Aprili, mtoro.

"Huyo si mtoro," nikasema. "Tangu nizaliwe hajakosa kuja hata mwaka mmoja. Wako maofisa hapa hawajamfikia."

"Mzee, benki inataka miezi inayofanana."

"Nani ana miezi inayofanana?"

Akafungua droo. Ndani imelala miezi ya mwalimu mmoja, yote imevaa shati la bluu, inakohoa kwa pamoja. Pimamaji ilipolazwa juu yao, kiputo kikatulia katikati, kikasinzia.

"Na huyo amepewa nyumba?"

"Hakuomba nyumba. Aliomba pikipiki."

Nikatafuta pa kutemea mate, nikakosa. Tumesharudi benki na sakafu inang'aa.

"Anwani yako ya kudumu?"

Nimelala Kahama, nimelala Masasi, nimelala Korogwe. Ya kudumu ndiyo niliyokuja kuiomba.

Nyumba ikapiga hatua mbele, ikainama kupita mlangoni, vumbi la chokaa likamwagika.

"Huyu amelala kwangu kabla ya mtu yeyote," ikasema. "Sina paa wala mlango, yeye yuko kwenye kona ya chumba kidogo, amejifunika mifuko ya saruji, analinda nondo zangu zisiibwe. Mwenyewe alikuja baada ya rangi kukauka."

Nje nyumba nyingine zikaanza kuitikia. Kwangu pia, ikasema ya Kahama. Na kwangu, ikasema ya Masasi, alikuwa na homa na hakuondoka. Nikainamisha uso, maana sikujua kama zinakumbuka.

Tusekile akazisikiliza zote kwa heshima. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo, mzee, umekaa kwenye nyumba zote hizo bila kulipa kodi?"

"Nilikuwa nazijenga, binti."

"Nimeelewa. Lakini kodi ulilipa?"

Suti ikatikisa mabega kwa masikitiko.

Nikamwambia Tusekile kwamba hata ukuta anaouegemea kuna mtu aliulinda, akaumwa na mbu, kabla yeye hajaletewa kiti cha kuzunguka. Akasema pole. Akasema ipo njia moja, niache dhamana, iwe kitu ambacho bila hicho siwezi kufanya kazi, ili waamini nitarudi.

"Chukua zana zote."

"Zana zimechakaa. Tutachukua kiputo."

Kiputo kikatoka kwenye kioo bila kukivunja, kikajipangusa, kikakaa kwenye kiti karibu na suti.

"Usichelewe, fundi," kikasema. "Hapa pana baridi."

"Sasa bila kiputo nitafanyaje kazi ya kuwalipa?"

"Hilo, mzee," Tusekile akasema, "mwulize mwajiri wako."

Nikaitazama suti. Suti ikatazama pembeni.

Nyumba ikanigusa bega kwa kizingiti. "Nakwenda kukusubiri Muheza," ikasema. "Komeo sitalifunga."

Hodi ya Mama Shali ndiyo iliyoniamsha.

"Mzee Mhina, gari la watu wa saiti limekuja. Dereva anasema usimcheleweshe."

Nikavaa, nikachukua pimamaji msumarini. Nikaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kioo ni kizima, hakina hata ufa. Maji yamejaa kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Nikailaza, nikaisimamisha, nikaigonga kwenye kiganja. Kiputo hakimo.

"Mama Shali," nikamwambia kupitia mlangoni, "mwambie aende. Mimi leo naenda benki."

"Benki? Wamekuita?"

"Hawajaniita. Wana kitu changu."