Jambazi Mwenye Kadi ya Maktaba

Mkutubi alifanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu miaka kumi na minne, na miaka yote hiyo aliishi mbali nayo, upande wa pili wa mji, ambako ilimbidi kuamka majogoo wenyewe bado wamelala. Alipotimiza miaka arobaini na miwili alichoka. Akaenda benki, akajaza fomu, akakubaliwa mkopo wa nyumba, akatoka mlangoni na furaha tele. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipokutana na dalali.

Dalali huyo watu walimwita Usijali, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali. Mbona ukuta una ufa? Usijali. Maji yanatoka? Usijali. Alikuwa mwembamba, viatu vimechongoka, na kiunoni alining'iniza shada la funguo lililopiga kelele hata kabla hajatokea kwenye kona.

Masharti ya mkutubi yalikuwa mawili tu. Nyumba iwe ya bei anayoiweza, na yeye aweze kutoka kazini saa mbili usiku, maktaba inapofungwa, akatembea kwa miguu mpaka kwake bila kushika roho mkononi. Usijali alimzungusha wiki tatu. Upande wa lango kuu la chuo palikuwa salama kweli, walinzi kila geti na mbwa wakubwa kama ndama, lakini bei za huko ni za kutajiwa ukiwa umekaa chini. Upande wa stendi bei ilikuwa nzuri, ila mama waliyemkuta akifua uani aliwasalimia huku mguu mmoja ameuweka juu ya ndoo, kama mtu anayeogopa itaondoka. Mkutubi aliutazama ule mguu, akaaga.

"Umebaki mtaa mmoja," Usijali alimwambia, na siku hiyo sauti yake ilikuwa ya msibani. "Nyuma ya chuo. Nyumba nzuri, vyumba vitatu, bei utashangaa. Lakini dada yangu, nisikufiche. Pale ni pabaya. Nimepeleka wateja watatu, wote wamekula kona. Mmoja aliacha kiatu."

Mkutubi aliishi na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, nesi mstaafu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Alipomsimulia, Shangazi alishika kiuno.

"Mtu mzima na akili zake kaacha kiatu, na wewe unataka kupeleka miguu yote miwili?"

"Naenda kuangalia tu, Shangazi."

"Basi twende wote. Wakikuibia, niwepo nishuhudie."

Wakaenda Jumamosi, saa kumi alasiri. Usijali alitangulia akitazama nyuma kila hatua tatu. Lakini kazi ya mkutubi kwa miaka kumi na minne ilikuwa kuona kitu kilichokaa pasipo pake, na katika mtaa ule alianza kuona vitu hivyo mapema. Barazani kwa watu palikuwa na viatu, tena viatu vizima, vimepangwa nje kama dukani. Mashuka mazuri yalikuwa kwenye kamba na hapakuwa na mtu wa kuyachunga. Baiskeli imeegemezwa ukutani bila mnyororo wala kufuli. Madirisha wazi, hayana nondo.

"Shangazi," alinong'ona, "mtaa wa wezi gani huu unaoanika viatu nje?"

"Labda ni vya wezi wenyewe," Shangazi alijibu, akaukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

Mwenye nyumba aliwapokea mlangoni. Alikuwa mama wa miaka sabini na ushei, mrefu, amejifunga kitambaa cha zambarau kichwani, na alitembea kama mtu aliyezoea kutazamwa. Nyumba ilikuwa ile ile ambayo mkutubi alikuwa akiiota: jiko lenye dirisha pana, sakafu isiyo na ufa, sebule yenye ukuta mmoja mtupu ambao ulikuwa ukiomba rafu za vitabu. Wakatokea uani.

"Usalama hapa ukoje, mama?" mkutubi aliuliza.

"Usalama?" Mama mwenye nyumba alivuta pumzi ndefu. "Mwanangu, we acha tu. Mungu ndiye anayetulinda." Kisha akakohoa mara mbili, akarudi ndani upesi.

Hapo hapo mtu akaruka ukuta. Kitambaa cheusi usoni, panga mkononi, akatua katikati ya ua kama paka.

"Simameni hapo hapo!" alinguruma. "Leteni simu! Leteni mkoba! Msinilazimishe kutenda yale ambayo moyo wangu hauyataki!"

Usijali hakusubiri aambiwe mara mbili. Funguo zake zilisikika barabarani, zikapungua, zikapotea. Shangazi alipiga yowe lililowatoa kunguru kwenye paa la jirani, kisha akamtupia yule mtu kopo la kumwagilia maua kifuani, la bati, lenye maji. Mkutubi mwenyewe alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Lakini ile sentensi ilikuwa imemkwama sikioni. *Yale ambayo moyo wangu hauyataki.* Jambazi gani anayeongea hivyo? Tena kwa sauti inayotamka kila silabi, kama anayetaka wa kiti cha mwisho naye asikie. Alimtazama macho juu ya kitambaa, akaitazama ile miguu mirefu, na woga ukamtoka wote kwa mara moja. Huyu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kila Jumanne alikuja kwenye rafu ya tamthilia, pale karibu na dirisha, akasoma kwa sauti mpaka mkutubi amnyamazishe.

"Wewe," mkutubi alisema. "Una vitabu vyetu vitatu. Vimechelewa siku kumi na tisa."

Panga likaanguka. Lilitoa mlio wa ubao, maana lilikuwa ubao, limevikwa karatasi ya kung'aa.

"Kumi na saba, mama," jambazi alisema kwa unyonge.

Pazia la jikoni likafunguliwa kwa hasira. "We mtoto!" mama mwenye nyumba alifoka. "Nimekufundisha nini? Hata nyumba iwake moto, mwigizaji hageuki kuwa yeye mwenyewe mpaka atoke jukwaani!"

Waliletewa chai. Shangazi aliikataa, kisha akaikubali, kisha akaomba sukari. Ndipo wakaelezwa. Mama yule alikuwa mwalimu wa maigizo hapo chuoni, akastaafu mwaka mmoja kabla ya mkutubi kuajiriwa, lakini wanafunzi waliendelea kumfuata nyumbani kujifunza. Miaka miwili nyuma, jirani wa mwisho wa mtaa aliuza nyumba yake kwa tajiri aliyeahidi kuishi humo na wanawe. Nyumba ikabomolewa wiki ile ile. Sasa pamesimama hosteli ya ghorofa nne.

"Nguo zangu zinapata jua saa moja tu kwa siku," mama alisema. "Mimi naenda kuishi kwa mwanangu, pale nyumba ya tatu. Kuhama sihami mtaa. Kwa hiyo nitamwuzia mtu atakayelala humu mwenyewe, kwa bei anayoiweza mtu anayefanya kazi. Wanaokuja kupima ghorofa hawana alama usoni, kwa hiyo kila mnunuzi tunamwigizia kidogo."

"Na mnunuzi mwema akikimbia je?" mkutubi aliuliza.

"Basi atakuwa hakuipenda nyumba sana."

"Mimi nina presha!" Shangazi alilipuka. "Mngeniua!"

"Nisamehe, dada yangu," mama alisema, akamshika mkono. "Ila lile yowe lako, mh! Limetoka tumboni kabisa. Umewahi kuigiza?"

Shangazi aliweka kikombe chini. "Hapana," alisema polepole. "Kwa nini, limefaa?"

Mkutubi hakununua nyumba kwa sababu ya chai. Wiki iliyofuata, maktaba ilipofungwa, alitembea mwenyewe mpaka mtaa ule jioni tatu tofauti, bila kumwambia mtu. Kila baraza lilikuwa na taa na mtu, na kila mtu alimsalimia. Wasichana wa hosteli walipita wawili wawili wakicheka, simu mikononi. Jioni ya tatu fundi viatu wa kwenye kona alimwuliza kama ameshaamua, kwa sababu mtaa mzima unangoja jibu.

Akanunua. Karatasi zilitiwa saini kwa wakili, kwani Usijali aliapa kutokanyaga tena kule. Alimshauri mkutubi afuge mbwa wawili.

"Usijali," mkutubi alimwambia.

Ukiwa mkazi, una wajibu. Nyumba ya jirani yao, ya mzee aliyehamia kwa watoto wake, ilipotangazwa, mama mwalimu aligawa majukumu. Sheria ilikuwa moja, na aliirudia kwa kila mtu mara mbili: hakuna kupiga kelele za mwizi. Watu wa barabara kuu hawajui kama ni igizo. Shangazi alipewa nafasi ya mama anayeporwa mkoba. Alifanya mazoezi jikoni wiki nzima, mpaka mkutubi akawa anakula na pamba masikioni.

Mnunuzi akaja, mtu mpana, koti la kijivu, tepu ya kupimia mkononi. Ile tepu ndiyo iliyomhukumu. Aliingia, akapima, akatoka, akaandika kwenye daftari. Mama mwalimu akakohoa. Yule kijana wa mwaka wa tatu akaruka ukuta, akaunyakua mkoba wa Shangazi.

Shangazi alianza vizuri. Aliyumba, akashika kifua. Lakini wakazi wote walikuwa dirishani wanamtazama, na sifa zikampanda kichwani.

"Pensheni yangu!" alilia. "Jamani nimekwisha! Mwizi! Mwiziii!"

Yule mtu mpana hakukimbia kama walivyotarajia. Alivua koti, akamkabidhi mkutubi, aliyesimama mlangoni, kwa adabu, "Nishikie, dada," kisha akatimua mbio nyuma ya kijana. Na kijana alikuwa amefunzwa kuruka, hakufunzwa kukimbia.

Mkutubi aliona wanavyopita hosteli wakielekea barabara kuu, akaona vichwa kule vikianza kugeuka, akasikia neno lile likipokelewa na sauti nyingine, na nyingine.  Akakimbia, koti la mgeni mkononi, kiatu kimoja kikamtoka, hakukirudia. Alipofika alikuta watu kama ishirini wamezunguka ukuta wa duka, fundi wa matairi yuko mbele na spana. Kijana alikuwa amebanwa ukutani, kiwiko kinatoka damu. Aliyembana alikuwa yule mgeni. Lakini mgongo wake ndio alikuwa ameugeuzia ukutani, amemficha kijana nyuma yake, na mikono yake mipana ameitandaza mbele ya umati.

"Hakuna atakayemgusa," alikuwa akisema, anahema. "Nimemkamata mimi. Atapelekwa kituoni, na atafika mzima."

"Ni mwanafunzi!" mkutubi alipaza sauti. "Ni mchezo wa kuigiza, jamani! Namjua, jina lake lipo kwenye daftari langu la maktaba! Mkoba wenyewe hauna kitu!"

Fundi wa matairi aliufungua mkoba. Ulikuwa na magazeti ya zamani na kopo la dawa ya presha. Watu wakaguna, wakasonya, wakatawanyika mmoja mmoja.

Walirudi mtaani, koti bado mkononi mwa mkutubi. Shangazi alikuwa ameketi barazani, uso umemshuka. Alipokiona kile kiwiko aliinuka, akaleta maji na pamba, akakisafisha kama alivyosafisha maelfu ya viwiko maishani mwake.

"Mngemuua huyu," mgeni aliwaambia. "Mnajua hilo?"

"Tunajua," mama mwalimu alijibu. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Kosa ni langu. Leo ndiyo mwisho." Kisha akashindwa kujizuia: "Lakini na wewe, baba, ungejenga ghorofa ngapi?"

"Ghorofa?"

"Si mkandarasi wewe? Ulikuwa unapima."

Yule mtu aliitazama tepu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Mimi nafundisha darasa la kwanza," alisema. "Nilikuwa napima mlango. Mke wangu ana kabati la mama yake, ameniambia bila kabati hilo hahami."

Kijana ndiye aliyeanza kucheka, kiwiko chake mikononi mwa Shangazi. Mama mwalimu akafuata, halafu mgeni mwenyewe, mpaka akalazimika kujishikilia kwenye nguzo.

Alinunua. Kabati halikupita mlangoni, walilipitisha dirishani, watu tisa, wengine wakivuta na wengine wakitoa amri. Mambo ya mapanga yaliisha kabisa. Siku hizi akija mtu wa kupima ghorofa, Shangazi humkaribisha chai barazani, akamsimulia maradhi yote aliyowahi kuyaona wodini, moja baada ya jingine, bila haraka. Mpaka sasa wote wameaga kabla hajafika kwenye figo.