Ng'ombe Aliyezikwa na Ngozi Yake

Kidoti alizikwa na ngozi yake, na Eliwaza hakujua angemwambia nini wifi yake. Ng'ombe alikuwa wa Dorkasi wa Myamba, dada wa marehemu mumewe, amewekeshwa kwao Suji tangu marehemu akiwa hai. Na desturi inajulikana: ng'ombe wa kuwekeshwa akifa, aliyemtunza humpelekea mwenyewe ngozi na nyama, ajue kwamba hakuuzwa. Eliwaza hakuwa na hata kwato. Novatus, bwana mifugo, alipoona damu nyeusi ikitoka puani mwa mzoga, alisema ni kimeta, akakataza kisu kisimguse. Vijana wa kijiji cha ujamaa wakachimba shimo refu, wakamfukia hivyo hivyo, chokaa juu yake.

Lakini ngozi haikuwa kosa lake. Kosa lilitangulia.

Kabla ya ukame kukaza, Novatus alikuwa amepanda Suji na sanduku lake la barafu, akitokea mashamba ya mkonge huko chini, alikochanja nguruwe wa vibarua. Watu wa Suji ni Wasabato. Nguruwe haliwi wala hafugwi. Wanawake mtoni wakatania kwamba ng'ombe watakaochomwa sindano ile wataanza kukoroma. Eliwaza alicheka nao, na alipofika nyumbani kicheko kikawa kimegeuka kinyaa. Mchungaji wa kanisa mwenyewe alimtoa ng'ombe wake akachanjwa. Dorkasi naye alikwisha kumtuma mchuuzi wa gulio na neno moja tu: Kidoti achanjwe. Hata hivyo, Novatus alipobisha hodi, Eliwaza alisimama mlangoni asiondoke.

"Huyu si wangu, mwanangu. Mwenyewe hajaruhusu."

Novatus akamweleza kwamba sindano huchemshwa, na dawa ya ng'ombe ina chupa yake. Akamwambia chanjo ni ya mnyama mzima, nayo huchukua siku kadhaa kushika mwilini. Ukingoja augue, umechelewa. Eliwaza akajibu kwamba ng'ombe wake hulishwa ndani, hatoki, ugonjwa ungemkuta wapi?

Ulimkuta ndani ya mzigo wa majani. Majani ya mlimani yalipokauka, Eliwaza alinunua yaliyokatwa bondeni, upande wa Ndungu, mahali palipokufa ng'ombe kwa kimeta. Alimlisha kwa mikono yake mwenyewe, akimbembeleza ale.

Dorkasi, aliyekwisha kupata habari, alifika asubuhi, vumbi la njia miguuni. Alilia kidogo, maana Kidoti alikuwa wa uzao wa ng'ombe wa mahari ya mama yake. Kisha akajifuta uso kwa kanga.

"Ngozi siiulizi, wifi. Kaka yangu hakuoa mwizi."

Eliwaza aliinamia uji wake. Afadhali angeitwa mwizi.

"Ila hiyo chanjo imenifundisha," Dorkasi akaendelea. "Kidoti kachanjwa na kafa. Huyo Novatus anakuja kwetu Myamba kesho. Ndama wangu hawachomwi ng'o. Ni maji tu yale."

Eliwaza angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimshuku, na uji ulikuwa bado wa moto. Akawaona akilini wale ndama wa Myamba, mmoja wa Kidoti mwenyewe, mwenye doa la mama yake kwenye paji.

"Hakuchomwa, wifi."

"Nilituma neno."

"Lilifika."

"Na kwa nini hakuchomwa?"

"Niliona kinyaa. Sindano ilitoka kwa nguruwe wa vibarua."

Dorkasi alicheka mara moja, kicheko kikavu. "Na hao nguruwe wa vibarua, wanaendeleaje?"

"Wazima."

Dorkasi akaweka bakuli chini, uji haujaguswa, akainuka. Penye zizi tupu kamba ya Kidoti ilikuwa bado inaning'inia. Akanyoosha mkono aichukue, apate angalau cha kurudi nacho.

"Usiishike, wifi," Eliwaza alisema. "Novatus amesema ichomwe moto."

"Hata kamba?"

"Hata kamba."

Dorkasi akaurudisha mkono taratibu, akashika njia ya Myamba, mikono mitupu, akitembea upesi kama mtu mwenye ndama wa kuwahi.