Wawili Juu ya Shuka

Shuka lilikuwa jeupe, mikono yetu ilikuwa myekundu kwa baridi, na katikati ya shuka ililala punje ya ufuta ulioungua, niliyoibandika kwa gundi miguu sita ya nywele zangu mwenyewe. Kazi safi. Nasema bila majivuno.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mwanafunzi wa bweni katika milima ya Karolina ya Kaskazini, nikitumikia adhabu tukufu. Nilikuwa nimemwingiza mbuzi kanisani wakati wa sala, naye akala karatasi ya wimbo wa kufungia ibada. Hivyo nikakabidhiwa kwa Mzee Odell Buchanan, mtunza miti wa shule, nimsaidie kutafuta mbawakawa.

Mihemloki yetu, miti mirefu yenye majani kama sindano, ilikuwa inakufa. Vidudu vinavyojifunika pamba vilikuwa vinainyonya. Miaka mitatu nyuma Mzee Odell aliachilia humo mbawakawa wadogo weusi wanaovila vidudu hivyo, watu wa ajabu wanaoamka wadudu wengine wakienda kulala, na kula majira yote ya baridi. Tangu hapo hakuna aliyewaona. Sasa Bibi Tackett wa idara ya misitu alikuwa amekuja na neno moja: asipomwona hata mmoja, miti yote inakatwa.

Wiki nzima tulikuwa tumepiga matawi kwa fimbo, shuka likiwa chini. Tuliambulia majani na theluji. Mzee Odell alianza kuyagusa mashina kama anayeaga wagonjwa. Ndipo nikaenda jikoni kuomba ufuta.

“Huyo hapo,” nilisema kwa sauti ya askofu.

Bibi Tackett akatoa lenzi. “Mbona hatembei?”

“Akianguka hujifanya maiti,” alisema Mzee Odell. “Kama huyu kijana akisikia kengele ya hesabu.”

Hapo nikaona doa jingine jeusi, karibu na pindo. Lenzi ilikuwa inashuka kwenye gundi yangu. Bibi Tackett akiiona, atakunja shuka na kwenda zake kabla ya kuliona doa la pili.

“Bibi, huo ni ufuta. Nimeutengeneza mimi.”

Mzee Odell akafumba macho. “We mtoto, umeniua.”

“Nilitengeneza mmoja tu, Mzee. Hapa wapo wawili.”

Tukainama wote watatu.

“Geuza uso,” Mzee Odell akaninong'oneza. “Unapumua kama punda, utampeperusha.”

Nikageuka, nikalitazama gome la mti. Nyuma yangu fimbo ya Mzee Odell ikaanguka kwenye theluji, kisha nikamsikia Bibi Tackett akimwambia yule mdudu wa pindoni polepole, kama anayemfundisha mtoto kutembea, “Haya, baba. Haya, twende.”