Chini ya Kibao si Uvungu

Chamsudine alikuwa seremala wa milango na vitanda, wala hakuwahi kuombwa kitu cha ndege mpaka rubani Cândido alipomfuata karakanani kwake Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Ndege yake ilikuwa ndogo, ya viti vinne, na kiti cha mbele, kile cha pembeni yake, kilikuwa kikimtoa jasho. Pedali za kugeuzia mkia ziko jozi mbili, zake na za upande wa abiria, nazo zimeungana: ukikanyaga huku, na kule zinakwenda. Abiria akisinzia akanyoosha miguu, ndege inayumba.

"Nitengenezee kibao, mestre," akasema, akimwita fundi kwa Kireno. " Kizifunike, mtu aweke miguu juu. Zenyewe zicheze chini bila kuguswa."

Chamsudine akapima, akatengeneza kibao chepesi cha mteremko, chenye miguu mifupi, cha kufungwa kwa mikanda kisisogee. Pembeni akakiacha wazi. Mkewe Sumaia alikitazama kikipigwa msasa kama anayetazama nyoka, maana wa kwanza kukikanyaga angekuwa binti yao Dalila, aliyekuwa akienda Pemba, mji ulio kusini mwa Palma, kwenye mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi.

"Na kikivunjika?"

"Mama Dalila, kitanda nilichokutengenezea kimewahi kuvunjika?"

"Kitanda hakiruki."

Siku ya safari walimsindikiza mpaka uwanjani. Viti vya nyuma vilijaa maboksi ya dawa. Dalila alipofika mlangoni mwa ndege akavua ndala, kama mtu anayekanyaga mkeka wa watu. Sumaia akaona raha. Mtoto ana adabu.

"Zitie humo chini, zisikupotee," akamwambia.

Dalila akazisukuma chini ya kibao. Hakuna aliyeona ajabu. Majumbani kwetu kila chenye nafasi chini yake ni uvungu: chini ya kitanda kuna sanduku, sufuria, jembe, na pengine kuku anaatamia.

Cândido akapanda. Kabla ya kuwasha injini akajaribu pedali. Ya kushoto ikaenda. Ya kulia ikaenda nusu, ikagoma. Akakanyaga tena. Wapi!

"Mestre, kibao chako kinanibana."

"Hakibani. Nimekuachia nafasi ya kutosha, nimepima mwenyewe."

Chamsudine akainama, akapenyeza mkono, akatoka na ndala moja imejikunja kama ngozi ya samaki mkavu.

Sumaia akasogea mlangoni. Akauliza polepole, "Na ingebana mkiwa huko juu?"

Cândido hakucheka. "Tukitua upepo unatupiga ubavuni, naihitaji pedali yote. Nusu haitoshi." Akatazama mawingu ya upande wa kusini. "Basi azishike mkononi, twende."

"Nazishika, mama," Dalila akasema upesi. "Mtihani ni kesho asubuhi."

Sumaia alikuwa amekwisha kuushika mlango. "Wewe utazishika. Na atakayekaa hapo wiki ijayo?"

"Nitamwambia mimi," Cândido akasema.

"Utamwambia, na una mambo mangapi kichwani? Mimi nimesimama hapa na hofu yangu yote, na ni mimi niliyemwambia azitie. Baba Dalila, ziba pembeni."

"Mama, mawingu yakishuka hatuondoki leo," Cândido akasema.

"Basi mtihani na upite. Mtoto nitabaki naye."

Dalila akageuza uso upande wa maboksi, machozi yasionekane. Chamsudine akaingia kazini. Akafungua mikanda, akakitoa kibao, akakilaza kwenye majani. Kwa msumeno na mabaki ya mbao aliyokuja nayo, akakata ubao mwembamba, akaziba pembeni na mbele, akakirudisha na kuchungulia pedali zisiguse popote. Cândido akakanyaga: kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Akatazama tena mawingu, akamtazama Sumaia.

"Sasa naruhusiwa?"

"Nenda, mwanangu. Taratibu."

Wakaruka, ndala zikiwa ndani ya mfuko mapajani mwa Dalila. Jioni akapiga simu: amefika salama, yuko kwa shangazi yake, anasoma.

Kwa hiyo wewe utakayekalishwa mbele kwenye ndege ndogo, viatu vyako shika mwenyewe. Mtoto wako pia mwangalie. Na kibao ukikikuta kiko wazi pembeni, mwambie rubani kabla hajawasha, hata akikuona mshamba.