Pacha Asiyeagwa

Mwaka wa sabini na moja tulikaa Hurlingham, nyuma ya nyumba ya Mzungu mmoja ambaye mume wangu Joash alimpikia. Chumba kimoja cha mawe, na tangi la maji pembeni. Nilikuwa na mapacha wasichana, Mukhwana na Mulongo, kama desturi ya kwetu Bungoma inavyowaita. Mukhwana ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Ndiye aliyetangulia kufa pia.

Degedege lilimshika. Zedekiah, mzee wa kanisa letu, akaja akaomba, akasema kutafuta dawa ni kukosa imani. Tukangoja. Mama mkwe akatuma mizizi kutoka nyumbani. Tukamficha Zedekiah mizizi hiyo, tukaichemsha, tukangoja tena. Tulipofika hospitali, daktari alimfunika shuka tu. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda kwetu Bungoma, kwa hivyo Joash na Zedekiah wakamzika makaburini Lang'ata. Na kwetu pacha hazikwi mpaka mwenzake aletwe amuage. Lakini Mulongo alikuwa na homa siku hiyo, nikabaki naye nyumbani.

Tangu hapo, mchana mweupe, jua likiwa utosini, nilikuwa nikimsikia Mulongo akicheka nyuma ya tangi. Nikienda namkuta peke yake, amesogea kando kama mtu anayempa mwingine nafasi ya kukaa.

"Unacheka na nani?"

"Na Mukhwana. Anasema niende kwake."

Wiki hiyohiyo degedege likamshika na yeye.

Safari hii sikungoja mtu. Nilimfunga mgongoni nikampeleka hospitali. Wakampa tembe nyeupe, ameze kila jioni. Degedege likapungua, lakini kicheko cha nyuma ya tangi hakikuisha. Joash akamwita mama yake. Akaja na mfuko wa majani, na kitu cha kwanza alichoona ni zile tembe.

"Hizi zinamlevya mtoto," alisema. "Mwenzake anamwita, ninyi mnamlaza usingizi! Atamjibu vipi? Apelekwe kaburini amuage, kisha nimwogeshe majani. Na hizi zitupwe. Wafu hawaagwi na mlevi."

"Mama amesema," Joash akaniambia.

"Nimesikia. Masikio ninayo mawili."

Kesho yake nikarudi kliniki mjini. Nesi wa pale aliitwa Wangeci, mama mnene mwenye sauti ya kuuza viazi sokoni. Mambo ya nyumbani tulizoea kuyaficha hospitali, kama tulivyomficha Zedekiah mizizi. Siku hiyo nilisema yote, hata la tangi, nikangoja kufokewa.

Hakufoka. "Hayo majani anakunywa ama anaoga?"

"Anaoga."

"Kuoga sawa. Kunywa hapana, sijui yatapatana vipi na tembe huko tumboni. Na kaburini mpeleke."

"Sista, kumbe na wewe unaamini?"

"Naamini mtoto akimlilia mwenzake, apelekwe akalie. Lakini tembe, mama, asikose hata jioni moja. Ukiziacha ghafla, degedege litarudi kubwa kuliko la kwanza. Watu wakitaka zitupwe, wewe watupe watu."

Tulienda Lang'ata Jumapili mchana. Upepo wa vumbi, vilima vya udongo vinavyofanana, vibao vimeanguka. Joash mwenyewe alizunguka mpaka akapotea. Mulongo akauachia mkono wangu. Akaenda moja kwa moja, hakutazama kando, akasimama penye kilima kidogo kilichoota nyasi.

"Ni hapa."

Joash akapiga magoti, akazitenganisha nyasi kwa vidole. Mawe aliyoyapanga mwenyewe upande wa kichwa yalikuwa pale. Habari ya mawe hayo hakuwahi kumwambia mtu.

"Muage mwenzako," mama mkwe alisema polepole. "Mwambie akae salama, na wewe unarudi nyumbani."

Mulongo akachuchumaa, akanong'ona. Akanyamaza, akatikisa kichwa, akanong'ona tena, kama mtu anayeulizwa maswali.

Jioni mama mkwe akamwogesha majani, harufu ikajaa chumba chote. Kisha akaninyooshea mkono.

"Lete zile tembe. Kazi imekwisha. Mukhwana akiziona atajua hatukumwamini."

"Mpe, mama Mulongo," Joash akasema. Sauti yake ilikuwa bado ya kule makaburini.

Nikapiga goti, asidhani ni dharau. "Mama, Mukhwana tulimpa maombi, tukayaacha. Tukampa mizizi, tukaiacha. Hospitali ikawa ya mwisho. Alikufa sisi tukibadilishabadilisha. Huyu nitampa vyote kwa pamoja. Ukizitupa, unitupe na mimi."

Nikaiweka tembe kwenye kijiko cha maji. Mulongo akafungua mdomo, halafu akaufunga. Akautazama mkono wangu mwingine, uliokuwa mtupu.

"Na ya Mukhwana?"

Joash akageukia ukuta. Mimi nikakishusha kijiko. Ni mama mkwe aliyeinama, akakishika kijiko pamoja nami.

"Mwenzako haumwi tena, mjukuu wangu," alisema. "Meza yako."

Akameza, macho yake yakiwa mlangoni.