Onésime Aomba Mkalimani

Kwa miaka sita Zélia Gaudet alibisha hodi nyumba kwa nyumba kijijini Pointe-à-Bruno, akiwaomba Waakadia wenzake, wazawa wa walowezi wa Kifaransa, saini za kudai shule ya Kifaransa, katika kisiwa ambacho shule karibu zote zilikuwa za Kiingereza. Wote walitia saini isipokuwa baba yake mzazi.

"Hicho Kifaransa kitakufikisha wapi, mwanangu? Kanisani na kurudi," mzee Onésime alisema, akigeuza samaki kikaangoni. "Mimi kilinifikisha pembeni mwa darasa, nimepigishwa magoti."

"Ndiyo maana sinyamazi, Baba."

"Kichwa kigumu! Umemrithi mama yako."

Serikali ikajibu kwamba watoto hawatoshi. Waendelee kupanda basi saa nzima hadi shule ya Kifaransa iliyoko mjini. Wazazi wakaenda mahakamani. Wakili wao akatafuta mtu aliyewahi kuadhibiwa kwa kusema lugha yake. Wazee wakainamisha vichwa, kila mmoja na aibu yake.

Asubuhi ya kesi, Zélia alimkuta baba yake mlangoni, kavaa suti ya mazishi.

"Usinikodolee macho. Jana nimemwimbia mjukuu wangu, akanijibu kwa Kiingereza kuwa haelewi. Twende kabla sijaghairi."

Kizimbani alianza na Kiingereza cha kuungaunga, akakwama. Akamgeukia jaji, akasema kwa Kifaransa:

"Mheshimiwa, naomba mkalimani. Miaka hamsini nimekuwa nikijitafsiri mwenyewe. Nimechoka."

Akaletwa mkalimani, na mzee akasimulia yote, magoti, fimbo, vicheko, pasipo chozi. Aliyelia ni Zélia.

Hukumu ilitoka Machi, barafu ingali imeganda ghubani. Wakili alipiga simu: shule ifunguliwe Septemba, hapo hapo kijijini. Zélia akaketi sakafuni, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Kisha akampigia baba yake.

"Baba, tumeshinda."

"Na mwalimu watatoa wao, au tumzae sisi?"

"Watatoa wao."

"Haya. Njoo ule basi. Mikutano imekumaliza, umebaki mifupa."

Alikwenda. Akala sahani tatu, akalala kwenye kiti cha mzee na viatu miguuni, na mzee akazima redio isije ikamwamsha.