Dida Hapigi Mbizi

Kabla ya adhana ya alfajiri, kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni. Kabale alijua ni mjukuu wake Dida, ameamka kumpashia moto maji ya kutawadha. Moyo wake ulilainika, lakini baraka bado hakuitoa.

Ilikuwa mwaka 1985. Asubuhi hiyo lori lingempeleka Dida njia ya Mombasa, kwenye meli ya wataalamu wanaochunguza vilindi vya bahari. Tangu arudi safari ya kwanza na kusema, "Akko, tunachota matope chini kabisa," akko, yaani nyanya yake, alikataa kumbariki tena. Na bila baraka yake Dida hangeondoka, hata kama kazi aliyoipenda ingepotea.

Jirani yao Akiru aliingia na maziwa ya mbuzi. Tangu ukame umalize ng'ombe wa Kabale, Akiru hakuwahi kumsahau.

"Bado umenuna? Sisi Waturkana tungeshamla mbuzi wa kuagana."

"Nyinyi mnatafuta tu sababu ya kula," Kabale alijibu. Kisha akamgeukia Dida. "Kaka yangu Duba alichota matope. Kule Dirre, kwenye ziwa la chumvi ndani ya shimo la mlima. Aliziba masikio, akazama, akaleta matope meusi ya kulambisha ng'ombe. Siku moja hakuibuka. Sasa wewe, bahari nzima?"

Dida aliweka kikombe chini. Siku zote hizi alidhani nyanya anaogopa meli.

"Akko, mimi sizami."

"Nani anazama?"

"Mashine. Tunaishusha kwa waya, ina taa na kamera. Kwanza tunatuma sauti chini, tunangoja irudi. Ikichelewa sana, tunajua hapo kuna korongo. Safari iliyopita tuliona kilima kinatapika matope, yanabubujika kama uji, lakini baridi."

"Na wewe uko wapi?"

"Juu, nakunywa chai. Ya maziwa ya unga."

"Ya unga?" Akiru alisikitika. "Hiyo ndiyo hatari yenyewe."

Kabale alicheka mpaka shela ikamteleza. Akamshika Dida masikio, moja baada ya jingine. Yalikuwa mazima, makavu, si ya mtu anayezama. Akamtemea mate ya baraka kichwani: "Hora bula. Ustawi, uishi."

Lori lilipiga honi barabarani. Akiru alimbebea begi, na Kabale akawasindikiza mpaka langoni, mkono wake begani mwa kijana.

"Mkishalipima hilo korongo," alisema, "njoo unitembelee tena, unieleze lilivyo."